Dirisha Lisilojua Majina

Matope yalikuwa yamekauka kwenye kioo. Otilia Kapinga aliyaona Jumatano asubuhi, ndoo ya maji mkononi, na hakujisumbua kujiuliza kama ni mtoto aliyekuwa anacheza. Mtoto hurusha akakimbia. Haya yalipakwa kwa kiganja, taratibu, toka juu mpaka chini, na mpakaji alihakikisha kila pembe imezibwa.

"Usiyatoe," sauti ikasema mlangoni. "Yaache watu wayaone."

Alikuwa Hoza Shemndolwa, kijana wa miaka kumi na minane, mfanyakazi wa kituo cha kamba, pale matenga ya kabichi na mapeasi yanaponing'inizwa na kushuka hewani mpaka bondeni bila kuhitaji lori. Mikono yake ilikuwa bado na udongo.

"Ni wewe uliyepaka, Hoza?"

"Mimi. Sijifichi. Kujificha nilishajificha humu ndani, umeona faida yake?"

Otilia akaweka ndoo chini. Chumba cha Dirisha kilikuwa nyuma ya zahanati ya Kwendimu, kidogo kama choo cha shule, na mlango wake ulitazama shamba la migomba makusudi, ili anayeingia asionwe na waliokaa kwenye benchi la mbele. Humo ndani mlikuwa na kiti kimoja, kioo cheusi ukutani, na droo chini ya kioo. Kijana akishaingia na kufunga, kioo kiliwaka rangi ya kaa la moto na sauti ya kikongwe ikamkaribisha. Alisema shida yake, na kila neno likaandikwa humo kama lalamiko. Dirisha lilimsikiliza, likampima pumzi na damu, likamfungulia droo yenye dawa, au likamwandikia zamu ya hospitali kubwa. Halikumwuliza jina, wala halikumwambia, "Wewe na umri huo umeyatoa wapi haya?" Halikutangaza ugonjwa wake korido nzima. Vijana wenyewe ndio waliolidai, miaka minne nyuma, na katibu wa kamati yao alikuwa huyu huyu Otilia, ambaye sasa alikuwa mtunza Dirisha.

"Dada Oti, nisikilize," Hoza akasema. "Niliingia humu Jumanne moja, saa tano. Peke yangu. Nikamwambia Bibi nakojoa usaha. Neno hilo sijauambia hata mto wangu wa kulalia. Bibi akanipa vidonge, nikameza, nikapona, yakaisha. Mwezi haujapinduka, barua yangu ya posa inarudishwa nyumbani na mjomba wa binti, kaishika kwa ncha za vidole kama kaokota panya. Kule kituoni naitwa Bwana Vidonge. Nikipita nasikia, 'Bwana Vidonge, maji ya kumezea haya hapa!' Sasa niambie, nani alikuwa humu ndani zaidi yangu na Bibi?"

"Hakuna."

"Na nani ana ufunguo wa tumbo la Bibi?"

Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwa Otilia, na wote wawili walikuwa wanautazama.

"Sisemi ni wewe," Hoza akasema, kwa sauti ya mtu anayesema ni wewe. "Nasema keshokutwa Ijumaa yule afisa wa wilaya anasoma malalamiko ya mwaka mzima mbele ya kijiji. Kama watu wamenijua kabla hajasoma, akisoma itakuwaje? Mimi nitahama. Wengine sijui watafanya nini. Kuna wasichana humo, Dada Oti. Wameolewa."

Akaondoka kwa kupitia migombani. Otilia akachukua kitambaa, akaanza kuosha. Mkono ulikuwa unafanya kazi na kichwa kilikuwa kinahesabu watu.

*

Wa kwanza kwenye hesabu alikuwa Mama Tabu, nesi mkuu.

Ilikuwa rahisi kumshuku Mama Tabu. Kabla ya Dirisha, ndiye aliyekuwa akisimama katikati ya korido na kuuliza kwa sauti, "Nani kaja na la kuwasha?" Vijana walikuwa wanatembea kilomita kumi kwenda zahanati ya jirani ili tu wasimkute. Dirisha lilipokuja akabaki na wazee na watoto wachanga, na tangu hapo salamu yake kwa Otilia ilikuwa moja: "Hujambo, Katibu?" Kila alipokuwa hana mgonjwa, utamkuta mbele ya zahanati, kwenye ubao wa matangazo, amezungukwa na akina mama wa kijiji, wananong'ona. Otilia akikaribia, wananyamaza.

Fununu zilipomfikia kwa mara ya kwanza, miezi miwili nyuma, Otilia alikuwa ametega mtego. Aliingia chumbani kama kijana yeyote, maana alikuwa na miaka ishirini na minne na haki yake ya kijana ilikuwa haijaisha, akajitaja jina lake lote, akasema uongo: kwamba anasikia sauti za watu wasiokuwepo na anaogopa kulala. Halafu akakaa kusubiri. Kama Mama Tabu ana sikio la siri humo ndani, alifikiri, wiki haitaisha kabla sijaitwa mwehu.

Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Hakuna aliyemwangalia kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo, akaamua, anayevujisha anachagua. Na anayechagua ni binadamu.

Asubuhi hiyo alipomaliza kuosha kioo, akafungua tumbo la Dirisha na kumwita Mhandisi Lugano wa makao makuu. Uso wake ukatokea kwenye kioo, anakunywa chai.

"Hakuna aliyeingia," Mhandisi akasema baada ya kutazama. "Kila anayefungua hilo tumbo anaacha alama ya mkono. Kwa mwaka mzima naona mkono mmoja tu."

"Wa nani?"

"Wako, dada yangu."

Otilia akaushika ufunguo uliokuwa shingoni. "Na majina? Una hakika yanaondolewa?"

"Dirisha limefundishwa majina laki tatu na nusu. Ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kikabila, mpaka ya utani. Likisikia jina linaweka mstari mweusi. Namba ya simu, mstari mweusi. Namba ya kitambulisho, mstari mweusi. Hapo hapapiti hata sisimizi." Akanywa chai. "Mnaniangusha nyie wa milimani. Wenzenu wa kanda nzima hawajaleta hata lalamiko moja la aina hii."

"Naweza kuondoa malalamiko machache kabla ya Ijumaa?"

Mhandisi akacheka. "Unaniuliza mimi? Si ninyi mlioandika sheria?"

Kweli, walikuwa wameiandika wao. Zamani zahanati ilikuwa na sanduku la maoni, na mfunguaji alikuwa mganga mfawidhi mwenyewe, kwa hiyo kila mwaka lilitoka na pongezi tupu. Kamati ya vijana ikasema basi, safari hii hakuna wa kuchagua: malalamiko yatoke yote, neno kwa neno, au yasitoke kabisa. Mwenye maneno hayo alikuwa Otilia. Alipigiwa makofi.

"Kwa hiyo ni yote au hakuna," Mhandisi akasema. "Kesho saa kumi na mbili jioni Dirisha linafunga hesabu ya mwaka na kumpelekea afisa kila kitu. Kabla ya hapo mtunza anaweza kufuta kumbukumbu nzima, kama mashine imeugua. Lakini sikushauri. Malalamiko ni mia sita na kumi na moja. Ukifuta, afisa ataona sifuri. Kijiji chenye sifuri hakipewi nesi wa pili wala chumba cha vijana. Na foleni za hospitali kubwa zinahesabiwa tangu siku ya lalamiko la kwanza. Ukifuta, kila aliyekuwa kwenye foleni anarudi nyuma kabisa."

"Hata aliyesubiri mwaka?"

"Hata aliyesubiri miwili."

*

Alhamisi saa nne alimfuata Mama Tabu kwenye ubao wa matangazo. Akina mama watatu walikuwa naye. Walinyamaza, kama kawaida.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Katibu."

"Naomba tuongee."

"Ongea. Hawa ni watu wangu."

"Basi nitasema mbele yao. Nani anakwambia mambo ya vijana?"

Mama mmoja aliyebeba kapu akageuza uso ili asionekane anacheka. Mama Tabu hakucheka. Alimtazama Otilia muda mrefu, kama anavyomtazama mtoto mchanga kuona kama ana manjano.

"Unaniuliza kwa kunishuku au kwa kutaka kujua?"

"Yote mawili."

"Angalau wewe hudanganyi. Mwenye kuniambia ni wewe."

"Mimi?"

"Karatasi hii nani kaibandika hapa?"

Kwenye ubao kulikuwa na karatasi ya mwezi. Sheria ilitaka kila mwezi Dirisha litoe mistari kumi ya malalamiko, ibandikwe, ili wananchi waone huduma inavyokwenda. Otilia alikuwa akiibandika tarehe moja, pini nne, anaondoka. Aliisoma mara moja moja kutafuta kama kuna jina limeponyoka. Hakuwahi kuona hata moja.

Mama Tabu akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Soma."

Otilia akasoma: "Shikamoo Bibi. Mimi ni mstari mweusi, wa pale unapovuka mfereji, kwa mama aliyepandisha mashine ya kusaga kwa punda wawili. Nakojoa usaha."

"Mama aliyepandisha mashine ya kusaga kwa punda wawili ni nani?"

"Sijui."

"Hujui! Muulize huyu." Akamgeukia mwenye kapu.

"Marehemu mama yake mzee Shemndolwa, bibi yake Hoza," mwenye kapu akasema. "Punda mmoja alikufa njiani. Ng'ambo ya mfereji kuna nyumba moja tu, na kijana wa kiume ndani yake mmoja tu."

"Soma wa tano."

Otilia akasoma wa tano. Ulisema mjukuu wa aliyetabiriwa mvua ikamnyeshea harusini. Mama wa pili akataja jina kabla Otilia hajafika kwenye nukta. Wa saba ulisema mtoto wa kitinda mimba wa kwa mzee asiyekula kunde. Mama wa tatu akataja jina, na jina la baba, na jina la mume.

"Hawa watoto tumewafundisha adabu," Mama Tabu akasema. "Unapoongea na bikizee humtupii jina kama unatupa jiwe. Jina ni la shuleni. Unasema wewe ni wa wapi, wa kwa nani, yule aliyefanya nini. Mkaenda mkaweka humo ndani sauti ya bibi. Mlitegemea wafanye nini? Wanamwamkia, wanajieleza kwao, ndipo waseme shida. Mashine yenu inafuta jina ambalo hakuna anayelitumia, inatuachia ukoo mzima."

Sauti ya bibi. Nayo ilipigiwa kura na kamati, kwa sababu bibi ndiye mtu pekee nyumbani ambaye mjukuu anaweza kumtania na kumwambia lolote. Otilia alinyoosha mkono siku hiyo pamoja na wengine. Lakini yeye alikuja Kwendimu akiwa na miaka kumi na saba, nyuma ya baba yake aliyehamishwa kutoka Mbinga kusimamia msitu. Punda wa mashine ya kusaga walikufa hajazaliwa. Hadithi za harusi na kunde hakusimuliwa, maana husimuliwa jikoni kwa watoto wa hapo. Alikuwa amebandika majina ya watu ukutani kwa miaka minne, akidhani ni maelekezo ya njia.

"Kuna mmoja tu alitushinda," mwenye kapu akasema. "Mwezi ule mwingine. Mimi mstari mweusi, nasikia sauti, naogopa kulala. Bila kwao, bila chochote. Tulimhangaikia sana. Tukasema labda ni mpita njia."

Otilia akajitambua.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?" akauliza.

"Nani angenisikia?" Mama Tabu akachomoa pini moja, akaichomeka tena pale pale. "Mlizunguka kijiji kizima mkisema manesi wana midomo. Na kweli nilikuwa nao, sikatai, niliwaudhi sana watoto wa watu. Basi nikaufunga. Sasa unakuja kuniuliza kwa nini sikuufungua."

*

Alirudi chumbani, akafunga mlango, akafungua malalamiko yote mia sita na kumi na moja. Alijiambia anatafuta namna ya kuyaokoa. Lakini macho yalikuwa yameshajifunza, na yakishajifunza hayarudi nyuma. Hadithi za wazee hakuzijua, lakini miaka saba kijijini si michache. Alijua nani ana paa la bluu. Alijua nani alirudi kutoka bondeni bila mume. Alikuwa anasoma mistari, na nyuso zilikuwa zinainuka mmoja mmoja, za watu aliowasalimia asubuhi.

Katika ule wa mia mbili na nne, akasimama.

"Shikamoo Bibi. Mimi ni mstari mweusi, wa kwa yule aliyepoteza kidole kwenye msumeno akaendelea kupasua mbao. Tangu nijifungue mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana. Mtoto hakuishi. Nimekuja mara ya tatu. Umeniambia nisubiri. Mama mkwe amenihamishia kibanda cha kuni. Bibi, nasubiri mpaka lini?"

Aliyepoteza kidole alikuwa mzee Kaniki. Binti yake ni Mboni, miaka kumi na tisa. Chini ya mstari huo Dirisha lilikuwa limeandika: yuko kwenye foleni ya upasuaji, nafasi ya thelathini na moja kati ya mia tisa. Akisubiri miezi miwili mingine, zamu yake imefika. Dirisha lilikuwa limemwomba mganga wa wilaya amharakishe mara tatu, na mara tatu hakuna aliyejibu. Ushahidi wa hayo yote ulikuwa humo humo, pamoja na usaha wa Hoza, mimba zilizofichwa, na wasichana kumi na watatu waliosema jambo moja kuhusu mwalimu mmoja.

Yote au hakuna.

Saa nane akatoka kwenda kumwona Mboni. Alitaka kumwuliza tu: nifute au niache? Alikwenda haraka mpaka kwenye ua wa michongoma wa nyumba ya mume wa Mboni. Mama mkwe alikuwa amekaa uani na majirani wawili, wanachambua maharage. Kibanda cha kuni kilikuwa nyuma yao, mlango wazi nusu.

Otilia akasimama. Ataingia aseme nini? Mtunza Dirisha haendi nyumbani kwa mtu. Akionekana tu anamwulizia Mboni, wale wanaochambua maharage watamaliza hesabu kabla hajatoka. Kumwuliza kungekuwa kumtangaza. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na ilikuwa kweli, ila si yote. Kulikuwa na kweli nyingine chini yake: aliogopa jibu.

Akageuka.

Njiani alimpita Hoza anapanga matenga. "Dada Oti! Umemjua aliyevujisha?"

"Nimemjua."

"Nani?"

"Sote."

Hoza akatema mate pembeni. "Jibu hilo nalo ni la kiofisi. Futa, dada. Kama kweli si wewe, futa."

Saa kumi na nusu aliingiza ufunguo. Alikuwa ameupima uamuzi kama mtu anayepima gunia bila mizani: huku watu mia sita, kule mmoja anayemjua na labda kumi asiowajua. Mia sita wakisomwa kesho, hakuna kijana atakayekanyaga tena zahanati ya Kwendimu, na wengine hawatalala nyumbani kwao. Wa kwenye foleni wataumia, lakini wataanza upya. Akarudia neno hilo mara mbili, wataanza upya, mpaka likaacha kuuma.

Akazungusha ufunguo.

Kioo kikawaka rangi ya kaa. "Unataka nisahau, mwanangu?" sauti ya bibi ikauliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Kioo kikazimika muda wa pumzi tatu, kikawaka tena. "Nimesahau, mwanangu."

Otilia akabaki amekaa kwenye kile kiti. Ilikuwa sauti ile ile, yenye upole ule ule. Mtu aliyesahau kweli na mtu anayekuambia amesahau, utawatofautisha kwa nini? Akafungua tumbo, akakagua kila sehemu aliyofundishwa, akakuta pako patupu. Hakuamini. Akafunga.

*

Ijumaa mkutano ulikaa kwenye ghala la ushirika, maana ukungu ulikuwa umeshuka na nje hapakaliki. Afisa wa wilaya, bwana mmoja anaitwa Kidunda, alikuwa na koti zuri na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti hata pasipo na kipaza sauti. Otilia alikaa meza ya mbele kama mwandishi wa mkutano. Mbele yake kulikuwa na kitabu cha kumbukumbu, cha karatasi. Huko wilayani walikuwa bado hawakubali mkutano usioandikwa kwa mkono.

Vijana walijaa nyuma, wamesimama. Hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake.

"Ndugu wananchi," Kidunda akasema, akainua kibao chake cha kioo. "Nimepokea taarifa ya Dirisha la Vijana la Kwendimu. Malalamiko ya mwaka mzima." Akatazama ghala zima, akifurahia. "Sifuri."

Pumzi mia moja zikatoka kwa pamoja kule nyuma, kama gunia linavyoshushwa. Wazee wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji akasimama kushukuru watoa huduma. Mama Tabu hakupiga makofi. Alikuwa anamwangalia Otilia.

"Ni mfano wa kuigwa," Kidunda akaendelea. "Kwa kuwa vijana wenu wameridhika, lile fungu la nesi wa pili na chumba cha vijana tutalipeleka kunakohitajika. Na Dirisha lenyewe nadhani limemaliza kazi yake hapa."

"Naomba kusema."

Sauti ilitoka mlangoni. Mboni Kaniki alikuwa amesimama upande wa nje wa kizingiti, amejifunga kanga mbili moja juu ya nyingine. Watu waliokuwa karibu naye walisogea, na kila mtu ndani ya ghala alijua kwa nini walisogea.

"Ingia, binti," Mwenyekiti akasema.

"Nitasemea hapa hapa. Mnajua sababu." Akakaza kanga. "Sifuri ni uongo. Mimi nililalamika. Mara tatu. Naitwa Mboni Kaniki. Nilijifungua siku mbili na nusu njiani kwa sababu gari la wagonjwa halikuja. Mtoto akafa, na mimi mkojo unanitoka mpaka leo. Nilipewa zamu ya upasuaji. Jana usiku nimeingia chumbani kumwuliza Bibi nimefikia wapi. Akaniambia hanijui. Akanikaribisha kama mgeni. Nafasi yangu sasa ni ya mia tisa na kumi."

Kidunda akashusha kibao chake.

"Mwandishi aandike," Mboni akasema. "La kwanza nalalamikia wilaya. La pili namlalamikia huyo huyo mwandishi. Jana saa nane alikuja mpaka kwenye michongoma ya nyumbani kwetu. Nilimwona kwa mwanya wa kibanda. Nikasema, leo kaja mtu. Nikaanza kujifunga nitoke. Nilipotoka, nikaona mgongo." Akamgeukia Otilia. "Dada Otilia, ungeniuliza. Ningekwambia soma. Mimi sina tena cha kufichwa. Ulificha aibu yangu bila kuniuliza kama bado ninayo."

Kule nyuma Hoza alikuwa ametazama chini. Halafu akatoka kwa mlango mwingine, kimya kimya, na wengine wawili watatu wakamfuata. Otilia aliwaona. Hakuweza kuwalaumu, wala hakuweza kujizuia kuwahesabu.

"Hili ni suala la kitaalamu," Kidunda akasema. "Binti atapewa nafasi mpya kuanzia leo. Mwandishi, weka tarehe ya leo."

"Ya kwangu ni tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu, mwaka jana," Mboni akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Droo ilikuwa imekwama na huyo mwandishi mwenyewe alikuja kuigongagonga ukutani upande wa pili."

Otilia aliikumbuka ile droo. Aliigonga kwa kisigino cha kiatu, na aliposikia mtu analia upande wa pili alisogea mbali, kwa heshima, kama kanuni zilivyosema.

Akavuta kitabu. Akaandika jina la Mboni lote, na jina la baba yake, na lalamiko la kwanza. Akaandika: kumi na tisa, mwezi wa tatu, mwaka jana.

"Nimesema tarehe ya leo," Kidunda akasema. Sasa alikuwa ameinama juu ya meza na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndogo. "Hiyo ya mwaka jana ina ushahidi gani? Mashine haina kitu."

"Nilikuwepo."

"Basi ukinipeleka mahali pa kutoa ushahidi, wataanza kwa kukuuliza nani aliyeitoa kwenye mashine. Umelifikiria hilo? Una kazi, binti. Baba yako ana kazi."

"Nitawajibu," Otilia akasema.

Kidunda akamwangalia, kisha akaangalia kibao chake, akakigusa mara mbili kwa haraka, na Otilia hakupenda namna alivyokigusa. Ilikuwa kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo mahali alipokiweka. Huenda palikuwa na nakala. Huenda mia sita na kumi na moja walikuwa wamelala humo kwenye kibao tangu jana, wanasubiri kutumiwa na mtu mwingine kwa kazi nyingine. Hakuwa na njia ya kujua.

"Umeandika la pili?" Mboni akauliza kutoka mlangoni.

"Bado."

"Andika. Na jina lako lote, nisije nikaambiwa sikusema ni nani."

Mama Tabu akanyanyuka kwenye benchi lake, akaenda mpaka mlangoni, akasimama kando ya Mboni, karibu kabisa, bila kuziba pua.

Otilia akaandika: Analalamikiwa Otilia Kapinga, mtunza Dirisha, aliyefuta bila kuuliza. Akafika kwenye nafasi ya shahidi, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua ile saa ya kufuta na ule mkono uliofuta, akaandika hapo pia jina lake, akageuza kitabu kumwelekea Mboni ili asome kama ndivyo alivyosema.